Somo la Huduma za Kaya: Kichomeo cha Jiko la Gesi Kisichowaka na Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Jiko la gesi limekuwa chombo cha kawaida katika kaya nyingi za kata, kuanzia mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, hadi jiko la vichomeo viwili la mezani na jiko kubwa lenye oveni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo haliishii pale mtungi unapoingia nyumbani. Kaya iliyonunua jiko, kisha ikarudi kwenye mkaa kwa sababu kichomeo kimegoma kuwaka, imepoteza fedha zake na bado inavuta moshi uleule. Aghalabu hitilafu yenyewe huwa ndogo: tundu lililozibwa na uji uliofurika, mpira uliojikunja nyuma ya meza, au kifuniko kilichorudishwa upande.

Hata hivyo, hitilafu ndogo inaposhughulikiwa vibaya huweza kuzaa maafa. Mtu huweza kuungua akiwa katika jitihada za kuliwasha jiko lililokataa. Kwa sababu hiyo, somo hili linafundisha mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutambua chanzo cha tatizo kwa maswali machache kabla ya kushika bisibisi, na mpaka ambao mwenye jiko hapaswi kuuvuka bila fundi.

Kabla ya yote: pua itangulie mkono

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, gesi mbili ambazo kwa asili hazina harufu ya kutambulika. Harufu kali inayofanana na kitunguu kilichooza huongezwa kwa makusudi ili gesi inapovuja binadamu apate kuonywa. Harufu hiyo ni kengele, na haifai kuzoewa.

Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, na butani kwa takriban mara mbili. Kwa hiyo gesi iliyovuja haipandi darini kama moshi. Hushuka sakafuni, hutambaa chini ya meza na vitanda, na hujikusanya katika mashimo na pembe zisizopitiwa na upepo. Inapofikia takriban asilimia 2 hadi 10 ya hewa ya mahali hapo, cheche moja tu yatosha kuilipua.

Mtu akinusa gesi kabla hajawasha jiko, hatua zake ziwe hizi:

1. Asiwashe wala asizime taa, feni au kifaa chochote cha umeme, kwa kuwa swichi hutoa cheche inapobonyezwa. Kama kuna jiko la mkaa, mshumaa au taa ya moto karibu, hapo si mahali pa kukaa: watu watoke nje mara moja.
2. Afunge gesi kwenye mtungi, iwapo anaweza kuufikia bila kujihatarisha.
3. Afungue milango na madirisha. Mlango una manufaa zaidi kuliko dirisha la juu, kwa sababu gesi iko chini.
4. Awatoe watu wote nje, akianza na watoto na wagonjwa.
5. Akiwa nje na mbali na nyumba, apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji endapo harufu haiishi au mtungi haufungiki.

Kanuni nyingine inahusu muda. Kichomeo kisipowaka ndani ya sekunde tano hivi, mpishi akifunge, asubiri dakika kadhaa mlango ukiwa wazi, ndipo ajaribu tena. Anayeendelea kubonyeza huku gesi ikitoka hujaza jiko na sakafu kwa gesi, na cheche itakayofaulu mwishoni huiwasha yote kwa mkupuo. Huo ndio mwako unaounguza nyusi, mikono na mavazi.

Moto wa jiko unavyozaliwa

Ili kutafuta kosa, ni lazima kwanza kujua njia ambayo gesi huifuata. Ndani ya mtungi gesi imegandamizwa hadi ikawa kimiminika. Ndiyo maana mtungi ukitikiswa husikika kama una maji. Lita moja ya kimiminika hicho ikigeuka gesi hujaza takriban lita 250. Mgandamizo wa mtungini ni mkubwa mno kwa jiko la nyumbani, na kwa hiyo regulata, yaani kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi, huupunguza hadi takriban milibaa 30 kabla gesi haijaingia kwenye mpira.

Gesi ikishapita mpirani hufika kwenye valvu ya jiko, ile inayofunguliwa na kishikio cha kuzungusha. Kutoka hapo hupenya kwenye nozeli, kijitundu chembamba cha shaba kisichofikia hata milimita moja kwa upana. Inapochomoka kwa kasi hapo, huvuta hewa kupitia uwazi ulio pembeni, nazo huchanganyika ndani ya bomba fupi kabla ya kupanda kwenye kichwa cha kichomeo na kutokea katika matundu madogo yaliyozunguka. Mtindo huu wa kuchanganya gesi na hewa kabla ya kuichoma ndio uliotumika katika taa ya maabara iliyopata jina la mwanakemia Mjerumani Robert Bunsen, iliyotengenezwa Heidelberg miaka ya 1850. Jiko la leo lingali likifuata kanuni ileile.

Uwiano wa hewa si jambo dogo. Ujazo mmoja wa propani huhitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili uungue wote, na butani huhitaji takriban 31. Hewa ikipungua, mwali huwa wa njano, mrefu na mlegevu, nao hupaka masizi chini ya sufuria. Hewa ikizidi, mwali hujiinua juu ya matundu, hunguruma, na mara nyingine hujizima.

Mwisho ni cheche. Majiko mengi ya mezani hutumia jiwe maalumu ambalo likigongwa hutoa umeme wa nguvu kubwa kwa kitambo kifupi. Sifa hiyo ya baadhi ya fuwele ilibainishwa na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Majiko mengine hutumia betri au umeme wa ukutani. Cheche hurushwa na ncha ya chuma iliyozungukwa na kauri nyeupe, iliyo kando ya kichomeo.

Basi, moto wa jiko unadai vitu vitatu: gesi ifike, hewa ichanganyike nayo kwa kiasi, na cheche iruke mahali panapostahili. Kimoja kikikosekana, kichomeo hakiwaki.

Maswali matatu ya kutenga chanzo

Fundi mwenye uzoefu haanzi kwa kufungua jiko. Huanza kwa kuuliza, na maswali yake makuu ni matatu.

Swali la kwanza: Je, ni kichomeo kimoja kilichogoma, au vyote? Vichomeo vya jiko moja hutumia mtungi, regulata na mpira uleule. Kimoja kikiwaka vizuri na cha jirani kikikataa, basi njia yote ya pamoja ni nzima, na kosa liko katika kichomeo kile pekee. Hapo hakuna sababu ya kubadili mtungi wala regulata. Vyote vikigoma, msako uanzie mtungini. Tahadhari iliyopo ni kwamba mtungi unaokaribia kwisha huweza kuwasha kichomeo kidogo na kushindwa kile kikubwa.

Swali la pili: Je, kinawaka kwa njiti ya kiberiti? Njiti iliyowaka husogezwa kwanza kando ya kichomeo, ndipo gesi ifunguliwe taratibu. Kamwe isiwe kinyume chake. Kichomeo kikishika moto kwa njiti, gesi na hewa zipo. Kilichokosekana ni cheche. Kikikataa hata kwa njiti, gesi haifiki au haichanganyiki vyema. Jaribio hili lifanyike tu pale ambapo hakuna harufu ya gesi na mlango uko wazi.

Swali la tatu: Je, moto huwaka kisha ukazimika? Ukizimika mara tu mkono unapoachia kishikio, tatizo liko kwenye kifaa cha usalama kinachohisi joto. Ukizimika baada ya dakika kadhaa, au ukififia polepole, sababu ni mtungi, mpira, au upepo.

Majibu ya maswali hayo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye moja ya sehemu nne zifuatazo.

Sehemu ya kwanza: Vichomeo vyote havipati gesi

Aanze kwa kuhakikisha kwamba mtungi una gesi. Kutikisa mtungi hutoa picha tu. Kipimo cha kweli ni mizani. Kila mtungi umegongwa au kuandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mathalani, mtungi wa gesi ya kilo 6 ulioandikwa uzito mtupu wa kilo 7.2 unapaswa kuwa na kilo 13.2 ukiwa umejaa. Mnunuzi ana haki ya kudai mtungi upimwe mbele yake kabla hajalipa, na asione haya kufanya hivyo.

Kisha aangalie kama regulata imekaa sawasawa. Ikiwa imekaa upande, gesi haipiti, au hupita na kuvuja. Regulata ya kubana kwa mkato hutoa mlio mdogo inapokaa mahali pake. Ya kuzungusha hukazwa kwa kufuata maelekezo ya aina yake. Mtungi ufungwe kwanza, regulata iondolewe, na ile ringi ya mpira iliyo kwenye mdomo wa valvu iangaliwe kama ipo, haijapasuka wala haijajikunja. Ringi ikikosekana, mtungi urudishwe kwa muuzaji. Isitengenezwe nyingine kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Baadhi ya regulata, hasa zenye geji, zina kizuizi kinachojifunga gesi inapotoka kwa kasi isiyo ya kawaida, kama mpira unapochomoka. Kizuizi hicho huweza pia kujifunga mtungi unapofunguliwa ghafla huku kishikio cha jiko kikiwa wazi. Tiba yake ni kufunga vishikio vyote vya jiko, kufunga regulata, kisha kuifungua upya polepole au kubonyeza kitufe chake kama kipo. Kizuizi kikijifunga tena na tena, ni ishara ya uvujaji, nao utafutwe.

Mpira nao ukaguliwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi hujikunja nyuma ya meza, hubanwa na mguu wa jiko, au huguswa na chuma cha moto ukalainika. Panya nao huutafuna. Mpira wenye mipasuko, uliokauka au uliopita tarehe iliyochapishwa juu yake hubadilishwa wote. Haufungwi kwa gundi wala kwa utepe. Mpira wa kumwagilia bustani haubebi gesi kwa usalama, hata ukionekana mnene.

Baada ya kurekebisha kiungo chochote, uvujaji hupimwa kwa povu. Maji yenye sabuni hupakwa kwenye maungio yote gesi ikiwa imefunguliwa na vishikio vya jiko vimefungwa. Viputo vikikua, gesi inavuja. Kupima kwa njiti ya kiberiti ni kuualika moto.

Sababu nyingine hujitokeza katika maeneo ya baridi. Gesi inapotoka, kimiminika kilichobaki hupoa, na butani huacha kuchemka ikikaribia nyuzi sifuri za Selsiasi. Katika nyanda za juu kama Makete, ambako asubuhi za kipupwe hushuhudia barafu juu ya majani, mtungi wenye gesi unaweza kutoa mwali hafifu. Mtungi usikokwe moto, usiwekwe juani kwa kusudi la kuupasha, wala usitumbukizwe katika maji ya moto. Upumzishwe mahali pakavu na penye joto la kawaida. Usilazwe pia, kwa kuwa kimiminika hupenya hadi kwenye regulata na kutoka kwenye jiko kama mwali mkubwa usiozuilika.

Sehemu ya pili: Kichomeo kimoja hakiwaki hata kwa njiti

Hapa ndipo penye hitilafu nyingi za nyumbani, na ndipo mwenye jiko anapoweza kujisaidia mwenyewe. Mtungi hufungwa, jiko huachwa lipoe kabisa, kisha sufuria na vyuma vya kuegemezea huondolewa.

Kifuniko cha kichomeo huinuliwa na kutazamwa. Kikiwa kimekaa upande, gesi hutoka sehemu moja na kuikosa cheche. Majiko mengi yana kijino au kishimo kinachoonyesha mahali halisi pa kifuniko. Pengine kukirudisha mahali pake ndiko tiba yote.

Kama matundu yamezibwa na uji, maziwa, mafuta au maji ya maharage, kifuniko na kichwa cha kichomeo huloweshwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, husuguliwa kwa mswaki wa zamani, na kila tundu huzibuliwa kwa pini nyembamba. Kazi haijakamilika hapo. Maji yakibaki ndani ya matundu huzuia gesi vilevile, na si ajabu jiko kugoma siku lilipooshwa. Vipande hivyo vikaushwe kwa kitambaa, kisha vianikwe mpaka vikauke kabisa ndipo virudishwe.

Bomba fupi linalochanganya gesi na hewa limulikwe kwa tochi. Buibui na wadudu wadogo hupenda kujenga humo, hasa jiko linapokaa muda mrefu bila kutumika. Utando mwembamba usioonekana kwa haraka unatosha kuipotosha gesi, na wakati mwingine moto huwakia nyuma, karibu na kishikio, badala ya juu. Brashi ndefu na laini huusafisha.

Ibaki nozeli. Hapo mwenye jiko anapaswa kuuzuia mkono wake. Nozeli ni ya shaba laini, na tundu lake limetobolewa kwa kipimo maalumu. Sindano au msumari ukiingizwa kwa nguvu hulipanua, na kuanzia siku hiyo gesi hutoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma: mwali wa njano, masizi, mtungi unaokwisha mapema, na hewa yenye sumu jikoni. Kijiti cha meno nacho huvunjikia ndani. Kupuliza kwa pumpu ya baiskeli huruhusiwa. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi, ambaye huitoa nozeli na kuisafisha au kuibadilisha kwa nyingine ya kipimo kilekile.

Wanunuzi wa majiko yaliyotumika kutoka nje ya nchi wana jambo la ziada la kuzingatia. Baadhi yake yalitengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba, ambayo nozeli zake huwa na matundu mapana zaidi. Jiko la namna hiyo likiunganishwa na mtungi hutoa mwali mkubwa wa njano. Vivyo hivyo, jiko la mtungi likiunganishwa na gesi asilia, kama ile inayosambazwa majumbani katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na Mtwara, litatoa mwali mdogo usio na nguvu. Nozeli hubadilishwa kulingana na gesi, na kazi hiyo si ya kubahatisha.

Sehemu ya tatu: Kinawaka kwa njiti, lakini hakina cheche

Gesi ikiwa imefungwa mtungini na harufu haipo, kishikio hubonyezwa na kuzungushwa huku chumba kikiwa na giza kidogo, ili cheche ionekane.

Kusipokuwa na mlio wala cheche katika jiko la betri, betri ibadilishwe na upande wa chanya na hasi uangaliwe. Kutu kwenye sehemu ya kuwekea betri ifutwe kwa kitambaa kikavu. Katika jiko lisilotumia betri, kishikio kikizunguka bila mlio wake wa kawaida, utaratibu wa kugonga jiwe umekufa au umelegea, naye fundi ndiye wa kuubadilisha.

Mlio ukisikika na cheche isionekane, ncha ya cheche huenda imefunikwa na mafuta au ina unyevu. Ifutwe kwa kitambaa kikavu na kuachwa ikauke. Kauri yake nyeupe ikiwa na ufa, umeme hupenya ufani na kurukia chuma kingine kabla ya kufika kichomeoni. Kauri iliyopasuka hubadilishwa. Waya wa chini nao huweza kuwa umechomoka au umetafunwa na panya.

Cheche ikionekana na moto usiwake, ncha imesogea mbali au imepinda. Nafasi kati yake na kichomeo huwa ya milimita chache tu. Ncha irudishwe taratibu, kwani kauri huvunjika kwa kulazimishwa.

Kaya isiyo na fedha za kurekebisha cheche kwa wakati huo inaweza kuendelea kutumia kiberiti kwa usalama, mradi njiti itangulie na gesi ifuate.

Sehemu ya nne: Huwaka, kisha huzimika

Majiko mengi yenye oveni, na baadhi ya majiko ya mezani, yana kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya mwali. Kikipata joto huzalisha umeme mdogo mno, unaohesabika kwa milivolti, ambao hushikilia valvu ibaki wazi. Moto ukizimwa na upepo au na maji ya chungu, kijiti hupoa, umeme hukatika, na valvu hujifunga. Ni mlinzi asiyelala.

Kwa hiyo, mwashaji wa jiko la aina hiyo hushikilia kishikio sekunde tano hadi kumi baada ya moto kuwaka, ili kijiti kipate joto. Moto ukizimika hata baada ya kusubiri, kijiti hicho kisafishwe masizi kwa msasa laini jiko likiwa baridi, na iangaliwe kama ncha yake inaguswa na mwali. Ikishindikana, hubadilishwa. Kukiondoa au kukifunga ili valvu ibaki wazi daima ni kumfukuza mlinzi na kuliacha lango wazi.

Mpaka wa mwenye jiko

Kusafisha kichomeo, kubadili betri, kunyoosha mpira, kupima uvujaji kwa povu na kuweka regulata vizuri ni kazi za nyumbani. Kufungua valvu ya jiko, kufungua regulata, kugusa valvu ya mtungi, kutanua au kubadili nozeli, na kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine si kazi za nyumbani. Valvu ikilegezwa kwa koleo na mtu asiye na ujuzi huweza kuonekana nzima mchana na kuvuja usiku watu wakiwa wamelala.

Mwali wa njano nao usipuuzwe kwa sababu tu chakula kinaiva. Gesi isiyoungua kikamilifu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa jikoni kwa wakati mmoja ni dalili ya kutoka nje mara moja na kwenda kituo cha afya.

Malalamiko kuhusu uzito pungufu wa mtungi hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo. Yale yanayohusu wauzaji wa gesi na leseni zao huhusu Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Anayelalamika atunze risiti na asiurudishe mtungi kabla haujapimwa tena, kwa kuwa mtungi wenyewe ndio ushahidi.

Maswali ya kujipima

1. Mama lishe ana jiko la vichomeo viwili. Cha kushoto kinawaka vizuri. Cha kulia hakiwaki kwa cheche wala kwa njiti tangu uji ulipofurika. Jirani anamshauri abadili mtungi. Je, ushauri huo ni sahihi?

2. Kijana ameosha kichomeo asubuhi na kukirudisha mara moja. Cheche inaonekana, moto hauwaki. Afanye nini?

3. Mzee ananusa gesi usiku anapoingia jikoni, na mkono wake uko karibu na swichi ya taa. Hatua yake ya kwanza ni ipi?

4. Katika jiko lenye oveni, moto huwaka vyema na kuzimika kila kishikio kinapoachiwa, hata baada ya sekunde kumi. Chanzo kinachotarajiwa ni kipi?

Majibu

1. Si sahihi. Kichomeo cha kushoto kimekwisha kuthibitisha kuwa mtungi, regulata na mpira ni vizima. Asafishe matundu na kifuniko cha kichomeo cha kulia, akikaushe, kisha ajaribu.

2. Afunge gesi, asubiri dakika kadhaa mlango ukiwa wazi, akikaushe kichomeo kabisa pamoja na ncha ya cheche, ahakikishe kifuniko kimekaa sawa, ndipo awashe tena.

3. Aondoe mkono kwenye swichi na aiache taa kama ilivyo. Ndipo afunge mtungi iwapo anaufikia kwa usalama, afungue mlango, na awaamshe na kuwatoa walio ndani.

4. Kijiti kinachohisi joto kina masizi, kimesogea nje ya mwali, au kimechakaa.

Kaya iliyoyaelewa majibu haya manne inaweza kuutenga ugonjwa wa jiko lake kwa dakika chache. Inafaa maswali matatu ya kutenga chanzo, pamoja na namba 114, yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mbali na moto, mahali ambapo kila anayepika, akiwemo mtoto aliyeachiwa kupasha chakula, anaweza kuyasoma.